Kiti Changu Kinauzwa na Watu Nisiowajua

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mbunifu wa samani, ninaishi Tabata, Dar es Salaam, na kufanya kazi nyumbani kwa kompyuta, kwa kuwa sina karakana. Huchora, hutafuta wateja, kisha hupeleka kazi kwa mafundi wa Keko.

Mwaka jana nilisanifu kiti cha mapumziko cha mbao ya mninga. Egemeo lake lina mpindo, miguu ya nyuma inapanda bila kukatika hadi inakuwa mikono, na ubavu mmoja tu umesukwa kwa ukindu uliotiwa rangi, ilhali ubavu wa pili ni ubao mtupu. Hoteli moja ya Zanzibar ilikipenda kwa kuziona picha za kompyuta, ikaagiza sampuli. Fundi nilimtumia picha hizo hizo kwa WhatsApp, pamoja na ukurasa mmoja wa vipimo; vyote nimeviambatanisha na barua hii. Sampuli ilipokuja, egemeo lilikuwa limenyooka, kikalio kiko juu mno, na ukindu umesukwa ubavu usio wake. Fundi aliapa kwamba amefuata ramani. Ilibidi kirudiwe kwa gharama yangu, kile cha kwanza kikabaki kwa fundi, na safari hiyo nilishinda karakanani hadi kikamilika. Hoteli ikaridhika.

Miezi michache baadaye, nikiwa ndani ya daladala, nilikiona kiti changu kando ya barabara, mbele ya karakana ambayo sijawahi kufanya nayo kazi. Miguu ni ile ile, ukindu ni ule ule, bei ni ya chini kuliko gharama yangu ya mbao. Egemeo lake limenyooka kama la ile sampuli iliyoharibika.

Naomba unisaidie kwa mambo haya. Rafiki yangu ananishauri niwe nagawa kazi, miguu kwa fundi huyu na kusuka kwa yule, ili asiwepo mwenye ramani yote. Je, ana haki? Kuna ofisi ya kusajili umbo la kiti, au inatosha kujitumia michoro yangu mwenyewe kwa rejista ya posta bila kuifungua bahasha, kama nilivyoambiwa? Hoteli sasa inataka viti vya vyumba vyote, na katika mkataba wake wa ukurasa mmoja imeandika kwamba nitakabidhi "michoro yote". Niitie saini? Mwisho, nina meza na stuli za familia hiyo hiyo ambazo bado hazijaonwa na watu, nami nilikusudia kuzipeleka maonyesho ya Sabasaba. Kiti chenyewe nilikiweka Instagram tangu mwaka jana.

Mbunifu, Tabata

*

Marahaba, binti yangu.

Umeniletea malalamiko mawili, la fundi aliyekosea na la mtu aliyeiga, ukiyaweka mbalimbali kana kwamba moja ni la ufundi na la pili ni la sheria. Nimeutazama ukurasa wako wa vipimo kwa makini, nami naona yote mawili yana chanzo kimoja. Seti moja ya picha imetumwa kuzungumza na watu wanne ambao kila mmoja anasoma kwa namna yake: mteja anayetaka kukiona kiti sebuleni mwake, fundi anayetaka kujua akate wapi, ofisa wa usajili anayetaka kujua unadai nini, na hakimu ambaye siku moja huenda akaulizwa nani alianza. Picha inayomfurahisha wa kwanza haimsaidii wa pili, na inaweza hata kukudhuru mbele ya wa tatu.

Nianze na fundi, kwa sababu aliapa kwamba amefuata ramani na mimi naamini alisema kweli. Ukurasa wako una mwonekano wa mbele, na kulia kwake umeweka mwonekano wa ubavuni. Programu nyingi za kuchorea zenye asili ya Marekani hupanga hivyo kwa kanuni ambayo mchoro ulioko kulia ni wa ubavu wa kulia na mwonekano wa juu hukaa juu. Kanuni ya pili, iliyozoeleka Ulaya na katika shule nyingi zilizofuata mitaala ya Uingereza, hupanga kinyume: kilichochorwa kulia ni ubavu wa kushoto, na mwonekano wa juu hukaa chini. Fundi aliyefundishwa kanuni hiyo ya pili akiupokea ukurasa wako ataweka ukindu upande usio wake bila kukosea hata hatua moja, maana ukitazama mwonekano wa mbele peke yake, ukindu hauonekani na hivyo hauna cha kumsahihisha. Kuna alama ndogo ya koni iliyokatwa ncha ambayo wachoraji huiweka pembeni mwa karatasi kutangaza kanuni iliyotumika. Iweke, lakini usiitegemee peke yake. Andika kwa maneno kila mwonekano ni wa wapi, na useme kulia ni kulia kwa nani, kwa aliyekaa kitini au kwa anayekitazama.

Kikalio nacho umeandika milimita 450 kutoka sakafuni, kipimo ambacho ni cha kawaida kabisa, ila mstari wa kipimo unaishia juu ya kikalio bila kuonyesha kama ni juu ya ubao au juu ya mto. Fundi ameupandisha ubao hadi 450, kisha mto ukaja juu yake. Kwa kiti chenye mto ni lazima kuwe na mchoro wa mkato, yaani kiti kana kwamba kimepasuliwa katikati, ili unene wa ubao, mikanda na sponji uonekane kila mmoja na kipimo chake.

Kuhusu egemeo sina lawama kwa mtu yeyote wa karakana ile. Mpindo hauelezeki kwa picha, wala kwa namba mbili tatu zilizotundikwa kwenye mstari wa duara. Uchapishe ubavu wote wa egemeo kwa ukubwa wake halisi, moja kwa moja, kwenye karatasi kubwa za wachora ramani za nyumba, uubandike juu ya plaiwudi nyembamba na uukate. Kigezo hicho fundi atakilaza juu ya ubao na kuchora kwa penseli, na mazungumzo ya mpindo yatakuwa yamekwisha. Kabla ya kukata, pima mstari wa kuhakiki ambao utakuwa umeuchora pembeni mwa karatasi, tuseme wa milimita 200 kamili, kwa sababu mashine za kuchapishia hupenda kuubana mchoro ili uenee karatasini, na wewe ukadhani bado una ukubwa halisi. Kwa sababu hiyo hiyo usitume ramani kwa WhatsApp kama picha. Itume kama faili la PDF, maana picha hupunguzwa ubora njiani, na namba 8 ikageuka 3 machoni pa mtu anayeisoma juani kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Tena mbao huuzwa na kuzungumzwa kwa inchi na futi, nawe unachora kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, na "mbili kwa mbili" ikishapigwa randa haibaki mbili kwa mbili. Andika unene unaoutaka baada ya randa, useme wazi kwamba ni baada ya randa.

Baada ya sampuli sahihi kupatikana, ungefanya jambo ambalo viwanda hulifanya kila siku na wabunifu wetu hulidharau: mtie saini chini ya kikalio, wewe na fundi, pamoja na tarehe, na kiti hicho kiwe ndicho mama wa vingine vyote. Kila ramani nayo iwe na kisanduku pembeni chenye jina lako, tarehe na namba ya toleo, na toleo jipya likitoka, la zamani lirudishwe au lichanwe. Tabia hii inazuia fundi asikate kwa ramani ya mwezi uliopita. Faida yake ya pili utaiona nitakapofika kwa yule aliyekuiga.

Ushauri wa rafiki yako wa kugawa kazi vipande vipande nimeusikia mara nyingi, na siupendi. Kiti kikishauzwa, yeyote mwenye futikamba anaweza kukipima kuanzia mguu hadi egemeo kwa dakika chache, kwa hiyo siri ya vipimo inaishi hadi siku ya mauzo ya kwanza tu. Unayemficha kwa hakika ni fundi wako mwenyewe, ambaye hataweza kujua kwamba ulimi anaouchonga utaingia kwenye tundu lililotobolewa karakana nyingine. Siri inafaa kwa yale ambayo hayaonekani kwenye bidhaa iliyokamilika, kama namna unavyotia rangi ukindu usichuje, au kishikizi ulichobuni cha kukunjia mbao kwa mvuke. Hayo yaandikie mkataba wa usiri mfupi wa Kiswahili, unaotaja nini ni siri, kwa muda gani, na michoro na sampuli zilizoharibika zirudi kwa nani. Neno hilo la sampuli zilizoharibika ulitilie mkazo. Mkataba kama huo unasimama chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na fundi mwaminifu hatachukia kuutia saini iwapo utamlipa malipo ya awali siku hiyo hiyo.

Sasa tuingie kwenye usajili. Sheria zinazolinda umbo la bidhaa, popote utakapokwenda, zinalinda kinachoonekana kwa macho: mistari, mzunguko, rangi, nakshi. Hazilindi wazo. "Kiti chenye ubavu mmoja uliosukwa" ni wazo, na liko huru kwa kila mtu. Kiti chako kingekuwa kinakunjwa kwa bawaba mpya uliyoivumbua, hiyo bawaba ingekuwa habari ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, au ya ule ulinzi mdogo zaidi unaotolewa na sheria hiyo hiyo ya hataza kwa vifaa vipya visivyofikia kiwango cha uvumbuzi. Kwa ulivyonieleza, kiti chako hakina jambo hilo, kwa hiyo tubaki kwenye umbo.

Na kwenye umbo, unalindwa kwa kile ulichokionyesha, jinsi ulivyokionyesha. Iko kesi ya Uingereza ambayo kila mbunifu anayetumia kompyuta angefaa kuijua. Kampuni ya Magmatic ilisajili Ulaya mwaka 2003 umbo la sanduku la safari ambalo mtoto anaweza kulipanda na kuvutwa, likaja kujulikana duniani kwa jina la Trunki. Kampuni ya PMS ilipoingiza sokoni sanduku la kupanda lililofanana nalo kwa mengi, lenye sura za wadudu na wanyama, Magmatic ilishitaki. Ilishinda mahakama ya kwanza mwaka 2013, ikashindwa kwenye rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaithibitisha rufaa. Michoro iliyowasilishwa kusajiliwa haikuwa ya mistari mitupu. Zilikuwa picha sita za kompyuta zenye vivuli vya kijivu, ambazo magurudumu na mikanda yalikolea kuliko mwili wa sanduku. Majaji walisema kwamba kwa kuwasilisha picha hizo, kampuni ilikuwa imedai umbo pamoja na tofauti hiyo ya rangi, na sura ya jumla ya mnyama mwenye pembe, wakati sanduku la mshindani lilitoa taswira nyingine. Hakimu aliyeandika uamuzi alikiri kwamba wazo la Trunki lilikuwa la werevu, ila akakumbusha kwamba haki ya umbo haikuwekwa kulinda mawazo. Michoro ya mistari tu, isiyo na vivuli, ingedai umbo lenyewe, na mwombaji angeweza pia kusajili picha zenye rangi kwa ombi la pili.

Unaona basi kwa nini nimekwambia picha iliyomfurahisha mwenye hoteli inaweza kukudhuru. Ile picha yako nzuri yenye ukindu mwekundu, ukuta wa matumbawe nyuma yake na glasi ya maji ya dafu juu ya mkono wa kiti, ukiipeleka kusajiliwa kama ilivyo, mtu atakayesuka kwa ukindu wa kijani atakuwa na la kusema. Andaa seti ya pekee: kiti peke yake kwenye weupe mtupu, kwa mistari safi, kutoka mbele, nyuma, bavu zote mbili, juu, chini, na mmoja wa pembeni unaoonyesha kiti kizima. Usiandike vipimo wala maelezo ndani ya michoro hiyo.

Na hapa kuna mtego ambao sijaona ukielezwa vya kutosha. Kwenye ramani ya karakana, mstari wa vipande vipande ni ukingo uliojificha nyuma ya ubao. Fundi anauheshimu na kuukata. Kwenye michoro ya usajili, katika ofisi nyingi kubwa duniani, mstari huo huo una maana ya sehemu ambayo huidai. Mbunifu akiichukua ramani ya fundi na kuipeleka kusajiliwa kama ilivyo, anaweza kuwa ameikana miguu ya kiti chake kwa mkono wake mwenyewe. Ukielewa jambo hilo, linaweza pia kukusaidia: kama upya wa kiti uko kwenye ule mguu unaopanda na kuwa mkono, chora mguu na mkono kwa mstari kamili, kikalio na egemeo kwa vipande, ili anayenyoosha egemeo asiponyoke kirahisi. Muulize ofisa au wakala wako ofisi husika inaukubalije mstari huo kabla ya kuutumia.

Ofisi ipo. Tanzania Bara imerithi sheria ya enzi za ukoloni, Sura ya 219, iliyoyapa nguvu hapa maumbo yaliyosajiliwa Uingereza, jambo ambalo kwa mbunifu wa Tabata ni kama kuambiwa akachote maji ng'ambo ya bahari. Njia iliyo karibu nawe ni ya kikanda. ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi kadhaa za Afrika, lenye makao yake Harare, husajili maumbo ya bidhaa kwa Protokali ya Harare ya mwaka 1982, ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1999. Ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama, kwa mfano Kenya, Uganda, Malawi na Zambia, na linaweza kuwasilishwa kupitia ofisi ya taifa ya mwombaji, ambayo kwa Bara ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Kila nchi iliyotajwa ina miezi sita ya kusema kama usajili huo hautakuwa na nguvu kwake. Nenda BRELA ukiwa na michoro yako mkononi na uulize ada kwa nchi unazozitaka hasa, usitaje nchi kwa ajili ya fahari. Zanzibar ni habari nyingine: miliki ubunifu si jambo la Muungano, nayo ina Sheria yake ya Mali za Viwanda ya mwaka 2008 pamoja na wakala wake wa usajili. Kwa kuwa mteja wako mkubwa yuko kule, usidhani usajili wa upande mmoja umekutosha.

Sharti kubwa la usajili wa namna hii ni upya. Kiti kilichoonekana Instagram tangu mwaka jana kimeshaupoteza kwa sehemu kubwa. Umoja wa Ulaya humpa mbunifu miezi 12 tangu alipoonyesha kazi yake mwenyewe, na wengine wana utaratibu wao, lakini mimi singekushauri ulipe ada ya kanda kwa kutegemea huruma ya namna hiyo. Pesa hiyo ipeleke kwenye meza na stuli, ambazo bado hazijaonwa.

Bahasha ya kujitumia kwa rejista haikupi haki yoyote. Hakimiliki ya michoro na picha zako ilizaliwa siku ulipozichora, kwa Sheria ya Hakimiliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999, bila kusajiliwa popote. Kuziandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi wa tarehe ulio bora kuliko muhuri wa posta. Faili zako za kompyuta zenye matoleo na tarehe, na mazungumzo yako ya WhatsApp na fundi, nayo ni ushahidi, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imefungua mlango wa ushahidi wa aina hiyo kupokelewa mahakamani. Usibadilishe simu bila kuyahifadhi. Hakimiliki hata hivyo inakudai uthibitishe kwamba mtu alinakili, wakati umbo lililosajiliwa kwa kawaida halikudai hivyo. Na kwa kitu cha kutumika kama kiti, ambacho ni sanaa na ni chombo kwa wakati mmoja, wakili atalazimika kubishana kwanza kama kinahesabika kuwa sanaa tumizi, ambayo Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaitaka ilindwe kwa angalau miaka 25 tangu ilipotengenezwa.

Hapa ndipo egemeo lililonyooka linapokuwa rafiki yako. Mtu aliyebuni kiti kinachofanana na chako kwa bahati hawezi pia kurithi kosa la sampuli yako. Kosa lile lilikuwapo kwenye kiti kimoja tu duniani, na kiti hicho kilibaki karakanani Keko. Nunua kimoja kule barabarani, udai risiti ya EFD, ukipige picha pande zote kikiwa bado pale kilipouzwa, kisha ukiweke kando ya picha za sampuli ya kwanza. Mpelekee wakili vyote kwa pamoja.

Je, ushitaki? Kwa kiti hiki, bila usajili na bila mkataba wa usiri na fundi, ningeishia kwenye barua ya wakili, na barua hiyo ingekuwa na mlango wa mazungumzo ndani yake. Wasomaji wengine hawatalipenda hili, lakini karakana iliyoweza kukitengeneza kiti chako kwa bei ya chini kuliko mbao zako ni karakana inayojua kununua mbao. Huenda ikakubali kuendelea kukitengeneza kwa leseni, kwa egemeo lako sahihi, ikikulipa kiasi kwa kila kiti, na kukipiga alama yako. Alama hiyo ndiyo isajili BRELA kama alama ya biashara: Bara hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, na haijali kama kiti kimeshaonekana Instagram. Mtu akiibandika kwenye kiti chake bila ruhusa, utakuwa na pa kulalamika, ikiwa ni pamoja na Tume ya Ushindani, inayoshughulikia bidhaa bandia.

Mkataba wa hoteli usiutie saini ulivyo. "Michoro yote" ni maneno mawili yanayobeba biashara tatu tofauti: kuuza viti, kukabidhi karatasi, na kuhamisha haki ya umbo. Hoteli ina sababu ya haki ya kutaka michoro, kwani baada ya miaka mitano mguu utavunjika na watataka fundi wa Unguja autengeneze. Wape ramani za matengenezo, kwa sharti kwamba ni kwa ajili ya kukarabati viti walivyonunua na si kutengeneza vingine. Wakitaka kuagiza vingine kwa fundi wao, waandikiwe leseni yenye idadi ya viti na malipo yake. Wakitaka umbo liwe lao moja kwa moja, taja bei ya kuliuza umbo, kubwa kuliko faida ya viti vyote vya agizo hili, na jambo hilo liandikwe kwa waraka wake. Faili za kompyuta zinazoharirika usizitoe katika hali yoyote kati ya hizo mbili za mwanzo.

Imebaki Sabasaba. Maonyesho hufanyika kila mwaka kuzunguka tarehe 7 Julai pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, barabara ya Kilwa, na siku ya kwanza tu meza yako itapigwa picha na simu nyingi kuliko utakavyoweza kuzihesabu. Peleka maombi ya meza na stuli kabla ya hapo, na uiweke karatasi yenye tarehe ya kupokelewa mahali salama, kwa sababu Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa mali za viwanda, unakupa miezi sita kuanzia tarehe hiyo ya kuomba ulinzi katika nchi nyingine wanachama huku ukihesabiwa kuwa uliomba siku ile ile ya kwanza. Ndani ya miezi hiyo utajua kama kuna mnunuzi wa Nairobi au wa Ulaya anayestahili gharama ya ombi la pili. Kama Juni itakwisha kabla michoro ya mistari haijawa tayari, onyesha kiti peke yake.